Kabla Hujauliza Bei, Uliza Kinaongea na Nani

Maneno niliyosema Lubumbashi mbele ya wanafunzi wa umeme, mafundi wa mitaani na wajumbe wa kamati za kabini, yaani vile vituo vidogo vya mtaani vinavyogawa umeme majumbani. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Jambo yenu, baba zangu na mama zangu. Wanafunzi, jambo yenu. Nashukuru kwa kuniita, na nawashukuru zaidi wale waliofunga kazi mapema ili wafike hapa.

Mwezi wa 11 mwaka 2024, mama mmoja wa mtaa wa Katuba hapa mjini, jirani wa dada yangu, aliniita nimtazamie mita. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya ukuta, miwani puani, daftari la shule mapajani. Ndani ya daftari lile alikuwa ameandika kwa mkono namba za umeme alionunua tangu mwezi wa 9, kila mstari tarakimu 20. Ndiyo akiba yake. Mwenzake anaweka mahindi kwenye gunia, yeye anaweka umeme kwenye daftari, kusudi Noeli isimkute gizani. Sasa alikuwa amepewa tarakimu 40 za kuingiza ili mita yake iendelee kufanya kazi. Aliziingiza kama alivyoambiwa, mita ikakubali. Halafu akachukua mstari wa kwanza wa daftari. Mita ikakataa. Wa pili, ikakataa. Akayajaribu yote hadi ukurasa ukaisha. Nilipofika, makaa ya mbabula, jiko lake, yalikuwa yamekuwa majivu, na yeye akanitazama akaniuliza: "Binti yangu, nani amekula umeme wangu?"

Niliketi chini kando yake nikamweleza, na leo nitawaeleza ninyi vilevile, kwa sababu ndani ya kisa hiki mna mambo yote niliyokuja kusema.

Mita za kulipia kabla, nyingi sana katika Afrika, zinafuata kanuni moja iliyozaliwa Afrika Kusini miaka ya 1990. Inaitwa STS. Kila tokeni ya tarakimu 20 hubeba ndani yake dakika iliyotengenezwa, ikihesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Walioitunga waliitengea hesabu hiyo nafasi ya biti 24, tarakimu 24 za sifuri na moja, yaani dakika 16,777,216 na si zaidi. Wanafunzi, gawanyeni wenyewe: kwa 60, kwa 24, kwa 365. Mtapata miaka 31 na miezi karibu 11. Dakika hizo zilimalizika tarehe 24 Novemba 2024. Mita nayo hukumbuka dakika za tokeni ulizokwisha kuingiza, ili mtu asiingize namba moja mara mbili. Hesabu ikirudi sifuri, kila tokeni mpya itaonekana kwa mita kuwa ya zamani, na itakataliwa. Dawa yake ni zile tarakimu 40: tokeni mbili zinazobadilisha ufunguo wa siri wa mita, zikafuta kumbukumbu ile, hesabu ikaanza upya kutoka mwaka 2014. Lakini ufunguo ukishabadilika, kilichofungwa kwa ufunguo wa zamani hakifunguki tena. Akiba ya daftari ilifungwa kwa ufunguo wa zamani.

Waliompa tarakimu 40 walipaswa kumwambia sentensi moja: mama, ingiza kwanza ulichoweka, ndipo uingize hizi. Sentensi hiyo haikufika Katuba.

Pengine mnadhani nimekuja kuilaumu kanuni ile. Nimekuja kuisifu. Kabla yake, kila kiwanda kilikuwa na siri yake. Mji ukinunua mita za kiwanda fulani, umefungwa: mashine ya kuuzia umeme lazima iwe ya kiwanda kilekile, mita za mwakani lazima ziwe zake, na bei anapanga yeye. Walipokubaliana juu ya kanuni moja, mita ya kiwanda chochote ikaweza kusoma tokeni kutoka kwa muuzaji yeyote anayeifuata. Hata ugonjwa wa 2024 ulijulikana miaka mingi kabla, kwa sababu kanuni iko wazi na kila mwenye hesabu aliweza kuusoma. Mamilioni ya mita, viwanda vingi, nchi nyingi, dawa moja. Fikirini kama kila kiwanda kingekuwa na tarehe yake ya siri ya kufa. Jambo hili lilifanyika kwetu, upande huu wa Afrika, na watu wanaohangaika na umeme kama sisi. Tunapenda kusema mambo ya aina hii yanatoka Ulaya. Hili halikutoka Ulaya.

Nimeombwa niseme juu ya gridi janja, na namna ya kuifanya mitambo isiyofanana ifanye kazi pamoja. Mimi ni fundi wa ulinzi wa gridi, mikono yangu imezoea relei, kifaa kinachogundua hitilafu, na brekeri, swichi kubwa inayokata umeme, kwa hiyo nitasema kama fundi.

Gridi ya wazee wetu ilikuwa kama mto: umeme unatoka bwawani, unapita kwenye laini kubwa, unashuka kwenye kabini, unaingia nyumbani, basi. Gridi janja ina mito miwili. Umeme unaweza kwenda na kurudi, maana paneli za mtu wa Bel-Air zinaweza kutoa zaidi ya anavyotumia. Na habari nayo inakwenda na kurudi: mita inasema, betri inasema, brekeri inasema, kituo kinasikiliza na kujibu. Msidhani ni mambo ya kesho. Ingieni katika lupango moja hapa mjini mhesabu: waya wa kampuni ya taifa, paneli juu ya bati, betri chini ya ngazi, grupu, yaani jenereta, nyuma ya jiko. Mitambo minne, imetoka viwanda vinne. Kila mmoja una waya wa mawasiliano. Na mara nyingi hakuna unaomsikia mwenzake. Anayeviunganisha ni mtoto wa nyumba, anakimbia gizani kugeuza swichi.

Nimesema lupango. Nani hapa hajui lupango? Ni pale unapokaa, uwanja wako, ukuta wako, mti wako wa maembe. Sasa nenda Dar es Salaam umwambie mwenyeji wako kwamba jana ulilala lupango. Atashtuka, atakuuliza ulifanya kosa gani, maana kwao mtaani lupango ni mahabusu ya polisi. Wote wawili mnasema Kiswahili. Sauti imefika, herufi ni zilezile, sarufi haina kosa. Maana ndiyo iliyopotea njiani, na hakuna aliyejua kama imepotea.

Kosa la aina hiyo ndilo linaloua mitambo. Waya uliokatika una huruma: taa nyekundu inawaka, unaona, unatengeneza. Maana iliyopotea haiwashi taa yoyote.

Miaka michache iliyopita niliitwa usiku kwenye zahanati moja. Betri na inverta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri au paneli uwe kama wa gridi, vilikuwa vya kiwanda kimoja, kifaa cha kuamuru grupu liwake kilikuwa cha kiwanda kingine. Vimeunganishwa kwa Modbus, itifaki, yaani lugha ya vifaa, ya zamani, ya mwaka 1979, ambayo vifaa vingi sana duniani vinaijua. Amri ilikuwa rahisi: chaji ikishuka chini ya asilimia 40, na betri ikiwa inatoa umeme, washa grupu. Saa nane za usiku betri zilikufa na grupu halikuwaka. Ndani, muuguzi alikuwa ameshika simu kwa meno ili taa yake imulike, mikono yote miwili iko kwa mama anayejifungua. Mtoto alizaliwa salama, Mungu ni mwema. Friji ya chanjo tuliihamishia nyumba ya pili ambako kulikuwa na umeme.

Nilifungua kabati. Taa za mawasiliano zilimetameta kijani, nzuri kabisa. Nyaya nzima. Tuliliwasha grupu kwa mkono, tukaacha betri zipate nguvu kidogo, kisha tukalizima tena ili niangalie. Nikaunganisha kompyuta yangu nikasoma rejista, yaani kijisanduku cha kumbukumbu chenye namba, ya nguvu ya betri: −38. Nikamwambia muuguzi, dada, zima taa za korido. Akazima. Ikawa −21. Nikamwambia awashe. Ikarudi −38. Hapo nikaelewa. Kiwanda cha betri kinaandika alama ya kutoa (−) pale betri inapotoa umeme. Kiwanda cha pili kinaisoma alama hiyohiyo kuwa betri inapokea. Usiku kucha betri ilikuwa ikilia "nakufa, nakufa", na mwenzake akisikia "nashiba, nashiba". Mchana haikuonekana kwa sababu chaji ilikuwa juu na amri haikuwa na kazi. Na mtambo ule ulipokelewa mchana, jua kali, betri zimejaa, watu wamevaa suti, wakatia saini.

Nilibadilisha alama moja kwenye mipangilio. Kazi ya dakika mbili, baada ya usiku kama ule.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia vifaa "vimeunganishwa", namuuliza: vimeunganishwa hadi wapi? Hadi kwenye waya? Hadi kwenye herufi? Hadi kwenye maana? Au hadi kwenye makubaliano ya wenye vifaa, nani anamwamuru nani, na nani anaamshwa usiku? Wataalamu wa nchi nyingine wamechora ngazi hizi. Ulaya wana mchoro wenye tabaka tano, chini kabisa vifaa, juu kabisa biashara na sheria. Marekani, sheria ya mwaka 2007 iliipa taasisi yao ya viwango, NIST, kazi ya kuratibu kanuni ambazo mitambo ya gridi itaelewana kwazo. Michoro hiyo ni mizuri, wanafunzi muisome. Nimeona tu kwamba watu wengi huisoma kutoka chini na kuchoka kabla ya kufika juu, na mimi matatizo makubwa nimeyakuta huko juu.

Hapa kwetu tulianza kuunganisha zamani. Stesheni ya umeme wa maji ya Mwadingusha kwenye mto Lufira ilianza mwaka 1930. Ikafuata Koni mwaka 1950, kisha Nzilo mwaka 1952 na Nseke mwaka 1956, hizo mbili kwenye Lualaba. Zote zilijengwa kwa ajili ya shaba. Na mwaka huohuo wa 1956 laini ya kilovolti 220 ikavuka mpaka kupeleka umeme kwenye migodi ya upande wa pili, nchi ambayo leo ni Zambia, kabla bwawa la Kariba halijakuwa. Tazameni: Wabelgiji huku, Waingereza kule, lugha mbili, pesa mbili, sheria mbili. Walikubaliana juu ya hezi 50, yaani mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde, na juu ya namna ya kulinda laini, na umeme ukavuka. Leo laini hiyo inafanya kazi kwa upande wa pili pia, umeme unakuja kwetu kutoka kusini. Wazee wa reli waliopo hapa watanielewa. Behewa la Lubumbashi linaweza kupita Zambia na kuingia TAZARA hadi Dar es Salaam kwa sababu reli zote hizo zina upana wa milimita 1,067. Lakini reli ya kati ya zamani ya Tanzania ina upana wa milimita 1,000, kwa hiyo pale Kidatu, reli hizo mbili zinapokutana, mzigo lazima ushushwe na kupakiwa upya. Milimita 67. Hapo ndipo jasho la wapagazi linapomwagika.

Mwaka 1982 likaja jambo kubwa zaidi: laini ya kutoka mabwawa ya Inga, magharibi, hadi Kolwezi, huku kusini, kilomita 1,700 hivi, ya mkondo mnyoofu (DC). Napenda kuisimulia kwa vijana. Mitambo ya mkondo geu (AC) iliyounganishwa lazima iende kwa mdundo mmoja, hezi 50, kama wachezaji wanaofuata ngoma moja. Mmoja akichelewa wote wanayumba. Gridi ya magharibi na gridi yetu ya kusini zina ngoma mbili. Mkondo mnyoofu hauna mdundo. Kwa hiyo pale Inga kituo kinageuza umeme kuwa mnyoofu, unasafiri, na Kolwezi unageuzwa tena kuwa geu kwa mdundo wa huku. Mitambo miwili isiyocheza pamoja inapeana nguvu kupitia mkalimani aliye kila upande.

Na hapa kuna kitu kidogo ambacho nimekiona kikiwapotezea watu siku nzima. Inga iko kwenye saa ya Kinshasa. Kolwezi iko kwenye saa ya Lubumbashi, saa moja mbele. Hitilafu ikitokea, kila upande unaandika: brekeri ilifunguka dakika fulani, sekunde fulani. Ukiziweka karatasi mbili pamoja bila kuuliza ni saa ya wapi, utaona matokeo yanatangulia sababu kwa saa nzima. Leo relei zinaandika hadi milisekunde. Usahihi wote huo hauna kazi kama hatukukubaliana kwanza kwamba daftari zote zitaandikwa kwa saa moja ya dunia.

Nchi yetu ni mwanachama wa jumuiya tatu za umeme za Afrika: ya kusini, iliyoundwa mwaka 1995, ya mashariki na ya kati. Na tangu sheria ya umeme ya mwaka 2014, makampuni binafsi yanaruhusiwa kuzalisha na kugawa. Maana yake, mitambo itaongezeka, si kupungua. Kila mwenye mgodi atakuja na chake, kila mfadhili atakuja na chake. Sisi tuliosimama kwenye kabini ndio tutakaotakiwa kuviunganisha.

Msifikirie kwamba wenye mali wamesalimika. Usiku wa tarehe 4 Novemba 2006, Ujerumani, meli mpya ya abiria ilitakiwa kushuka mto Ems kwenda baharini. Ni desturi kuzima laini kubwa inayopita juu ya mto ili meli ipite. Saa ya kuzima ilikuwa imepangwa, kisha ikaletwa mapema kwa saa tatu, na majirani wakaarifiwa kwa kuchelewa. Laini ilipozimwa, mzigo ukahamia kwenye laini nyingine. Mojawapo ilikuwa na kampuni moja upande huu na kampuni nyingine upande ule, na mipaka ya ulinzi ya pande hizo mbili haikuwa sawa. Walioamua usiku ule hawakuizingatia tofauti hiyo. Upande wa pili ulikuwa na mpaka wa chini zaidi. Saa nne na dakika kumi za usiku laini hiyo ikajifungua, nyingine zikafuata, gridi ya Ulaya ikapasuka vipande vitatu, nyumba zaidi ya milioni 15 zikakosa umeme. Hakuna kifaa kilichokuwa kibovu. Kulikuwa na namba moja kwenye relei ya jirani, na haikuwa mezani kwa aliyeihitaji.

Nawauliza mafundi wenzangu wa vituo vilivyo mpakani mwa kampuni mbili: mnazo namba za relei ya jirani? Nimeuliza swali hili mara nyingi, na mara nyingi jibu ni kwamba "ziko kwenye ofisi". Ofisi haifunguki usiku.

Ujerumani ina somo lingine, na hili ni la mafundi wa sola. Kanuni ya zamani kule ilisema paneli za nyumbani zijizime zote mdundo wa gridi ukipanda hadi hezi 50.2. Paneli zilipokuwa chache, kanuni ilikuwa nzuri. Zilipoongezeka wakagundua hatari: siku ya jua mdundo ukigusa 50.2, gigawati nyingi za sola zitazima kwa nukta moja, na gridi itaanguka upande wa pili. Kuanzia mwaka 2012 ikabidi kuzunguka kwenye mamia ya maelfu ya mitambo kubadilisha mipangilio, moja baada ya nyingine. Kila inverta peke yake ilikuwa imetii kanuni.

Sasa tuje kwenye ngazi yetu. Unapofunga inverta mpya ya kuunganishwa na gridi, kioo chake mara nyingi kinakuuliza nchi. Unateremsha orodha: Ujerumani, Italia, Afrika Kusini, Australia. Kongo huioni. Fundi anafanya nini? Anachagua ile anayoizoea, au ile aliyochagua jana. Jirani yake wa mtaa wa Golf anachagua nyingine. Kwa hiyo kwenye kabini moja inverta kumi zina tabia kumi: hii inajitoa volti zikishuka kidogo, ile inang'ang'ania, nyingine inarudi baada ya nusu dakika, nyingine baada ya dakika tano. Leo ni chache, hatuoni. Naomba, na naomba kwa moyo wote: mafundi wa kabini moja mkae, mkubaliane nchi moja ya kuchagua, mwulize mwenye gridi kama anaikubali, na muiandike ukutani. Haihitaji mfadhili.

Nije kwenye ununuzi, maana hapo ndipo tunaposhinda vita au kushindwa. Mtambo ukishafika na kulipwa, fundi hana sauti tena. Kiwanda kitakuambia lugha yake ni siri, ukitaka kuunganisha kifaa cha mwingine nunua kisanduku changu cha kutafsiri, na kila mwaka ulipe. Kwa hiyo kabla hujauliza bei, uliza kinaongea na nani. Kwa mita, uliza kama zinafuata STS, na kama zinasomwa kwa mbali, uliza juu ya kanuni ya kimataifa IEC 62056, ile waliyozoea kuiita DLMS. Kwa relei na brekeri za kituo, IEC 61850. Kwa inverta na betri, omba orodha ya rejista, ukurasa kwa ukurasa, yenye vipimo na alama zake. Mwuzaji asiye na orodha hiyo, au anayesema ataileta baadaye, msisaini. Baadaye haiji.

Wala jina la kanuni kwenye kasha lisiwatoshe. IEC 61850 ni pana, na viwanda viwili vinaweza kuifuata vyote viwili lakini vikachagua sehemu tofauti ndani yake. Nimeona relei mbili zenye cheti zikitazamana siku tatu bila kuelewana. Mkataba uandike: malipo ya mwisho yatatoka baada ya jaribio la pamoja, kifaa kipya kikiwa kimeunganishwa na kile tulichonacho, usiku, betri ikiwa chini, laini ikizimwa na kuwashwa mbele yetu. Mjumbe mmoja wa kamati aliniambia, "Mama, sisi hatununui, tunapewa msaada, utamwekeaje masharti anayekupa?" Namjibu hapa hadharani: anayetoa msaada naye anataka kazi yake idumu. Mwulizeni kwa heshima, kwa maandishi, mapema. Nimewahi kuona mfadhili akibadilisha aina ya mita kwa sababu kamati ya mtaa ilimwandikia barua ya ukurasa mmoja.

Kuna hofu moja ya kweli nisiyotaka kuipita kimya. Mtambo unaoongea na wengi unaweza kusemeshwa na mwizi. Tarehe 23 Desemba 2015, Ukraine, watu waliingia kwa kompyuta kwenye makampuni ya ugavi wakafungua brekeri kutoka mbali, na wateja 225,000 hivi wakakaa gizani. Mwaka uliofuata wakarudi na programu iliyojua itifaki za vituo vya umeme. Kwa hiyo lugha iwe wazi, lakini ufunguo uwe wa mwenye nyumba. Neno la siri lililokuja na kifaa kutoka kiwandani libadilishwe siku ya kwanza, na kabini isiunganishwe na intaneti ati kwa sababu tu inawezekana.

Mama wa Katuba nilimsindikiza hadi kwa waliomuuzia. Tulikaa kwenye foleni asubuhi nzima na lile daftari. Walikagua mistari yake mmoja mmoja, wakakuta haijaingizwa, wakamtolea tokeni mpya za kiasi kilekile. Iliwezekana kwa sababu kumbukumbu za mauzo zilisomeka, na kwa sababu yeye aliandika vizuri.

Na ile zahanati. Usiku ule kabla sijaondoka nilichukua karatasi, nikaandika kila rejista tunayoitumia: namba yake, kipimo chake, na alama yake maana yake nini, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Nikaibandika ndani ya mlango wa kabati. Mstari wa nguvu ya betri nimeuzungushia kalamu nyekundu: alama ya kutoa, betri inatoa. Mwaka huu wameongeza betri za kiwanda cha tatu. Fundi aliyezifunga ni kijana ambaye sijapata kumwona; alinipigia simu kwa namba aliyoikuta chini ya karatasi ile, akaniuliza jambo moja juu ya saa. Saa sita mchana alikuwa amemaliza, akangoja hadi usiku, chaji ikashuka, grupu likawaka lenyewe.